Nani Alimtuma Mwende

Siku inayonirudia kila nikisikia mtu akitaja passive voice, mwanangu, ni Ijumaa moja ya kiangazi kule upande wa Ikutha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya kama wewe, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa sababu ya Kiingereza changu.

Jana ulinipigia simu kuniuliza njia rahisi ya kuwafunza watoto wako active na passive. Ningekujibu kwa dakika mbili. Unaandika ubaoni, "The teacher sent the girl," mwalimu alimtuma msichana. Hapo mtendaji yuko mbele, kila mtu anamwona. Kisha unaigeuza, "The girl was sent by the teacher," na mwalimu anasukumwa nyuma kabisa. Halafu unachukua kifutio unamfuta huyo mwalimu, na sentensi inabaki imesimama vizuri, haina kosa hata moja. Watoto wataelewa, na hata mtihani watapita. Lakini wewe ni mtoto wa dada yangu, na nisipokuambia mengine yote nitakuwa nimedanganya tena kwa Kiingereza kizuri.

Shule yetu haikuwa na maji. Maji yalitoka mtoni, na mto wetu unaujua, mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Watu huchimba visima humo mchangani, na kiangazi kikiendelea maji yanazidi kushuka na wachimbaji wanayafuata, mpaka shimo linakuwa refu kuliko mtu. Kila Ijumaa wasichana wa darasa la saba waliwatekea walimu maji. Hakuna aliyeona ubaya. Wazazi walijua, na wengine walifurahi mtoto wao akichaguliwa.

Mwalimu mkuu alikuwa na sheria moja tu. Visima vikishakuwa virefu, mtoto asiende mtoni bila Kalekye, mpishi wa shule. Mama huyo aliujua mchanga. Alikuwa anashuka yeye kwanza, anagonga kuta za shimo kwa fimbo pande zote, na akiona mchanga unamwagika anawahamisha watoto kwenda shimo lingine, hata wakinung'unika.

Ijumaa hiyo Kalekye alikuwa jikoni anageuza sufuria ya muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa. Pipa langu lilikuwa tupu, na jioni nilikuwa nasafiri kwenda Kibwezi kujijulisha kwa wazazi wa msichana niliyetaka kumwoa. Shati langu jeupe lilikuwa chafu. Nikamwita Mwende nje ya nyumba yangu, kwa sababu alikuwa mwepesi wa miguu na hakuwa mtoto wa maneno mengi.

"Peke yangu, mwalimu?" aliniuliza.

"Kwani mto una meno?" nilimjibu.

Alicheka, mwanangu. Alichukua mitungi yangu miwili ya bluu akaenda. Nikaingia ndani kutafuta sabuni.

Mchungaji mmoja wa mbuzi ndiye aliyekuja mbio shuleni. Alikuwa ameona mtungi mmoja juu ya mchanga, na mahali pa shimo palikuwa pamefukiwa na mchanga, pamelala tambarare. Tulichimba kwa majembe, tukaogopa majembe yasimwumize, tukayatupa tukachimba kwa mikono. Nilichimba mpaka kucha zikatoka damu. Tulipomfikia alikuwa ameshatuacha.

Jumatatu mwalimu mkuu aliniita ofisini. Ofisi ya elimu ilitaka ripoti, na hapo shuleni hakuna aliyeandika Kiingereza kunishinda. "Andika vizuri," aliniambia, "isije ikatuchoma." Hakuniuliza nani alimtuma mtoto. Nafikiri hakutaka kujua.

Nikakaa nikaandika. Sikusema uwongo hata neno moja, na hilo ndilo linalonitia aibu mpaka leo. Niliandika, "A pupil was sent to the river." Mwanafunzi alitumwa mtoni. Niliandika, "Permission was not sought." Ruhusa haikuombwa. Kisha nikaandika, "Pupils are always accompanied by the cook." Wanafunzi husindikizwa na mpishi kila mara. Ukurasa mzima ulijaa mambo yaliyofanyika yenyewe, na katika ukurasa huo wote mtu mmoja tu ndiye aliyeonekana akiwa na kazi ya kufanya. Mtu huyo alikuwa Kalekye. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilisoma ripoti mara mbili, nikaridhika nayo, nikapiga sahihi.

Kamati ya shule ilikutana Alhamisi. Wakamsomea Kalekye ripoti, wakamtafsiria, wakamuuliza kwa nini alimwacha mtoto aende peke yake. Akasema yeye hakumtuma mtu.

"Sasa nani alimtuma?" mwenyekiti akauliza.

"Muulizeni mwalimu," Kalekye akasema, na akaniangalia.

Hakunitaja. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe, na nilielewa hivyo papo hapo. Wote walinigeukia. Nikasema, "Yote yameandikwa kwa ripoti." Basi wakaisoma tena, na walipomaliza wakamwambia Kalekye arudishe funguo za jikoni.

Jumamosi tulimzika Mwende. Familia iliniomba mimi niandike historia yake na kuisoma, kwa Kiingereza, kama ilivyo heshima kwetu, huku pasta akitafsiri kwa Kikamba. Nilikubali. Ningekataa vipi bila kuulizwa sababu? Nikasoma kwamba Mwende alizaliwa, alilelewa na susu yake, alipendwa na walimu wake. Nikafika mahali pa kusema alitumwa maji, na akachukuliwa kutoka kwetu.

Huyo susu yake, nyanya aliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa amekaa kiti cha mbele. Aliinua mkono kama mtoto darasani. Watu husikiliza historia ya marehemu kimya, kwa hiyo wote walishtuka.

"Alitumwa na nani?" akauliza kwa Kikamba.

Pasta aliniangalia. Mimi niliiangalia karatasi. Pasta akamwambia kwa upole, "Susu, hii ni mipango ya Mungu."

"Mungu hana pipa la kujaziwa maji," mama mzee akasema, akashusha mkono.

Nilisoma mpaka mwisho. Watu wakaniambia nimesoma vizuri.

Susu yake Mwende aliishi miaka minne zaidi. Nikimwona mbele njiani nilikuwa nakata kona, napita kwenye miiba ya watu. Siku niliyosikia amefariki nilihisi kwanza kwamba nimepumua, mwanangu, na dakika iyo hiyo nikajichukia kwa kupumua. Sikulala vizuri tena baada ya hapo. Harusi ya Kibwezi haikuwa, maana kila nikitaka kuvaa shati jeupe nilikuwa nashindwa. Mama yako aliwahi kuniuliza sababu, nikamwambia tulikosana.

Mwishowe nilimtafuta Kalekye. Nikaambiwa yuko Malili, anapika kwa hoteli ndogo kando ya barabara ya Mombasa. Nilimkuta anasukuma chapati. Amezeeka, mikono imejaa alama za mafuta. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba, lakini nilipofungua mdomo nilisema tu, "Ni mimi nilimtuma."

Hakuacha kusukuma. "Hiyo ninajua," akasema. "Nilimwona akipita nyuma ya jikoni na mitungi yako. Nikadhani umemwambia aningoje kwa mlango wa nyumba yako. Sasa umetoka huko kote kuja kuniambia mimi?"

Nikamwambia nataka anisamehe.

"Mimi sina shida na wewe, mwalimu. Enda uwaambie wale hawajui."

Akanipa chai, nikashindwa kuinywa. Jumapili iliyofuata nilienda kanisa la Ikutha, la yule pasta aliyemzika Mwende. Wakati wa ushuhuda nilisimama, watu wakidhani nataka kumshukuru Mungu kwa cheo nilichokuwa nimepandishwa mwaka huo. Nikasema kwa Kikamba kwamba mimi ndimi niliyemtuma Mwende mtoni peke yake, kwa ajili ya maji ya kufua shati langu, na kwamba nikamwachia Kalekye mzigo. Mjomba wa Mwende alichukua Biblia yake akatoka nje, na hajawahi kunisalimu mpaka leo. Ofisi ya elimu pia niliiandikia, nikasimamishwa kazi kwa muda, nikavumilia. Kalekye hakurudishiwa jiko lake. Lilikuwa na mpishi mwingine, kijana, na miaka ilikuwa imepita.

Sasa nakuambia wazi, mwanangu, usije ukasema mjomba alikuzungusha. Passive si dhambi. Mbuzi akiibiwa, na mwizi mwenyewe hajulikani, andika ameibiwa na uishie hapo. Mtoto akitukanwa darasani na hutaki kumwaibisha mwenzake mbele ya watu, ficha jina, kisha uende umwone faraghani. Wafunze watoto wako kugeuza sentensi, na uwasahihishe vizuri. Lakini wakishaigeuza, wazoeze kuuliza nani amefutwa, na amefutwa kwa faida ya nani. Na wewe mwenyewe ukiandika chochote chenye sahihi yako, ripoti au hata ujumbe wa simu kwa mzazi, tafuta mahali ulipojificha ujitoe. Anza na "mimi". Fanya hivyo siku ile ile, kwa sababu ukingoja mpaka usiogope utakuta kiti cha mbele kitupu.

Na usimtume mtoto wa mtu mahali ambapo usingemtuma wako.

Mungu wetu akubariki katika kazi hii, mwanangu. Watoto wote uliowaita majina asubuhi warudi kwao jioni wakiwa wazima. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, akupe kinywa cha kusema ni mimi, wakati yule anayeuliza angali hai akusikie.