Ukelele wa Baba Isaka

Anyitike alizaliwa na miguu, na heri angezaliwa kiwete. Simtukani. Ni maneno yake mwenyewe, aliyasema mpaka siku alipokufa.

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, Serikali iliuwekea mpaka msitu wa juu kwenye milima ya Ileje. Watu walitolewa majumbani mwao wakafyeka njia ya kuuzunguka wote, ikipanda na kushuka mpaka ikarudi ilikoanzia. Wakaiita Mzingo. Aliyeichora kwenye ramani sidhani kama aliwahi kuikanyaga, maana inapita mahali ambapo hata mbuzi angejifikiria mara mbili. Kuna mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza kama bamia. Kuna mizizi ya kukwea kwa mikono, halafu mianzi iliyosongamana, na juu kabisa upepo unaomnyima mtu pumzi. Walinzi wengine waliotumwa kuizunguka walilala njiani, wakarudi kesho yake na uongo mtupu. Anyitike, mlinzi mwenzao, aliondoka asubuhi akarudi kabla ng'ombe hawajaingia zizini, tena akikimbia, fimbo mkononi, kaptula ya Serikali imelowa tope. Watu walimtania kwamba mama yake alimzaa na pongo, yule swala wa msituni. Alicheka nao, maana alijua wanamwonea fahari.

Mwanawe Isaka alimwoa Jenista, msichana mpole mwenye mikono ya kazi, na hata mwaka haukuisha akashuka Tunduma na kuvuka mpaka kwenda migodini. Siku ya kuondoka alimshika baba yake mkono.

"Baba, mke wangu nakuachia wewe."

"Nenda, mwanangu," Anyitike alimjibu. "Utamkuta."

Sasa, kwa Wandali wa zamani, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Mkamwana akisikia baba mkwe anakuja, huacha njia, hujificha na kufunika uso mpaka apite, na hakuna anayemtaja mwenzake jina. Mwalimu wa kanisa aliwaambia mara nyingi kwamba hayo yamepita, Wakristo wasalimiane. Anyitike alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema kanisani watakaa upande upande, ila nyumbani kwake aachiwe. Nampa lawama hapo, wala simwonei. Alikuwa akijivunia adabu ya mkamwana wake kama mtu anavyojivunia ng'ombe.

Jenista alipokuwa bado mgeni pale nyumbani, Anyitike aliwahi kuibuka ghafla kwenye kona ya nyumba, na msichana, mtungi wa maji kichwani, akajitupa kwenye ua wa miiba. Mtungi ulivunjika, mkono ukachanika. Anyitike aliona huruma kweli kweli. Tangu siku ile, popote alipokuwa, kabla ya kona alipiga ukelele, "Huu-oo!", ili mtoto wa watu apate nafasi ya kujificha bila kuumia. Nyumbani alipiga, na huko Mzingo alipiga pia, kwa sababu wanawake walikwenda kuokota kuni kavu kandokando ya njia. Kijiji kizima kilimsifu kwa wema huo.

Siku moja ya mwezi wa Juni, msimu wa baridi kali, Jenista alipanda Mzingo kuokota kuni pamoja na Fides, jirani yao. Mchana Fides alirudi peke yake, anahema.

"Ukungu ulitushukia kule kwenye mianzi," alimwambia Tabita, mke wa Anyitike. "Nilimwita akaitika, nikamwita tena sikumsikia. Nikadhani ametangulia."

Hakuwa ametangulia. Manyunyu yalianza, yale manyunyu ya huko juu yanayopenya mpaka kwenye mifupa, na kila mmoja alijua kwamba mtu akilala kule na nguo mbichi haamki. Wanaume waligawana njia za chini. Mzingo wenyewe, wote, kabla giza halijaingia, ni nani angeuweza? Walimtazama Anyitike.

Alikwishavua viatu. Alikuwa mtu mzima tayari, goti moja limeanza kumsumbua, lakini alikimbia siku ile kuliko siku zote za ujana wake. Alipanda kwenye mizizi kwa mikono na miguu, akateleza, akapanda tena, mdomo umejaa ladha ya damu. Kila kona alipiga, "Huu-oo!" Alisikiliza. Maji yalidondoka kwenye majani, basi. Akilini alimwona Isaka amesimama na sanduku lake la bati siku ile ya kuondoka, akasikia lile neno lake mwenyewe, utamkuta, akazidisha mbio.

Kwenye mianzi alisikia kitu kikijikokota. Alisimama. "Huu-oo!" Kile kitu kikatulia kimya. Alitaka kumwita kwa jina. Jina lilimfika kooni, likakwama pale pale, maana hakuwa amelitamka hata siku moja, na mdomo wa mtu mzima haufundishiki kwa dakika moja. Alipiga ukelele tena, kwa nguvu zaidi. Kimya. Akasema moyoni ni mbawala, na mwanga unakwisha, akaendelea kukimbia.

Aliumaliza Mzingo wote. Alifika alikoanzia giza likiwa limeshika, akaanguka kwenye majani, akalia mbele za watu bila haya. Alitaka kurudi juu na kienge cha moto, mvua ikakizima mkononi mwake, na goti likagoma.

Kulipopambazuka walipanda wote, wanawake mbele, yeye nyuma akichechemea na fimbo yake. Karibu na mianzi alisikia mbele yake sauti ya Tabita, sauti ya juu ambayo hakuielewa kama ni ya furaha au ya msiba. Wamempata! Akajikaza kupanda, na kabla hajafika kwenye kona, ili mkamwana wake apate nafasi ya kujisitiri, akapiga.

"Huu-oo!"

Fides akatokea kwenye kona, macho mekundu.

"Usimpigie tena, baba," alisema. "Jana alikusikia."

Alikuwa hatua chache tu kutoka njiani, ndani ya mianzi. Mguu ulikuwa umevunjika, ameufunga kwa kipande cha kaniki yake. Alianguka njiani kabisa, alama zilionyesha, hapo ambapo mtu anayekimbia asingeweza kumkosa. Alijiburuta kwa viwiko mpaka kwenye maficho, na kipande cha kaniki kilichobaki hakujifunika nacho mwili. Alijifunika uso. Mgongo wote ulikuwa wazi kwa baridi. Hata mzigo wa kuni aliuvuta ndani, usimkwaze baba mkwe wake.

"Alijua sisi tutafuata nyuma yako," Fides alisema. "Alikuwa anatungoja sisi wanawake."

Tabita alikuwa amempakata marehemu. Hakumlaumu mume wake, na hilo lilimuuma kuliko kulaumiwa. "Njoo, Baba Isaka," alisema. "Hatuwezi kumbeba peke yetu kwenye huo mteremko."

Anyitike aliinama, wakamweka marehemu mgongoni mwake. Kaniki ilimtoka yule msichana usoni ikaanguka, na hakuna aliyejaribu kuirudisha. Hapo ndipo alipomwona. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na alikuwa mtoto hasa, mdogo kuliko alivyodhani miaka yote ile. Akaanza kushuka naye kwenye ule udongo mwekundu, shavu la marehemu limelala begani mwake.

"Jenista," akasema. Lilitoka jepesi tu, jina kama majina mengine.

Alilisema njia nzima mpaka nyumbani. Tabita na Fides waliokuwa nyuma yake walimsikia, wakamwacha aliseme.