Tunaenda Tu Kutembea
Wiki iliyopita nilisimama na rafiki yangu mbele ya meza ya kuandikisha wakimbizi, hapa Kitshanga. Tulitoka Omate kwa mguu, siku tisa, mizigo ku mugongo na kamba ku paji la uso, sisi bibi wawili wenye magoti mabovu. Tulitaka bashi, ile plastiki ya kufunika kibanda, maana mvua ilikuwa inatunyeshea.

Njiani, ku kila bariyeri, wenye bunduki waliuliza, "Mama, munaenda wapi?" Rafiki yangu, godoro ku mugongo na sufuria ikining'inia, alijibu, "Tunaenda tu kutembea, mutoto wangu." Yaani kusalimia ndugu. Walicheka, wakatuacha tupite.

Nilimunong'oneza, "We mama, nani anatembeaka na godoro?"

"Nyamaza. Wale tunaenda kusalimia hawana."

Sasa, ku ile meza, karani akauliza, "Mumekuja kufanya nini hapa?"

Ulimi wa rafiki yangu ulikuwa umeshazoea. "Tunatembea tu, Papa."

Karani akaandika: wageni. "Basi, Mama, mugeni hapewe bashi. Mugeni anarudiaka kwake."

Mimi nilianza kucheka. Rafiki yangu hakucheka. Alisogea, akaweka kidole ku karatasi. "Andika na siku tutarudi."

Karani akaangalia kalamu yake, akakohoa, akafuta lile neno. Bashi tulipata, wapendwa. Ile siku hakuiandika.