Jasho la Mwalimu wa Fidla

Kwanza unisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu, kwa hiyo herufi zinalala zinavyotaka. Ukikuta nimekosea, soma kama unavyoona nilikusudia. Ninaandika polepole, lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo mbele ya watu nitanyamaza katikati. Najijua.

Juzi nilipata ujumbe kwenye simu kutoka kwa dada mmoja ambaye zamani tulikuwa tukipiga fidla pamoja. Siku hizi anapanga mizigo kwenye maghala ya Midrand. Aliniambia kwamba mwalimu wetu Mfaransa amefariki kwao, na akanitumia habari zake zilizoandikwa huko. Nilisoma majina ya miji aliyopigia fidla, na ya miji aliyoongozea okestra. Johannesburg imetajwa mara moja, kama kituo ambacho mtu hushuka kununua maji tu. Sisi hatumo. Jumamosi nilipotoka kwa fundi ninayemshonea nikaenda Berea, mtaa wetu wa utotoni hapa Johannesburg, mpaka kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa letu la zamani. Umejaa magodoro ya kuuza.

Ngoja nikueleze tulivyoishi. Tulikuwa gorofa ya juu kabisa, familia tatu katika nyumba moja, tumetenganishwa kwa mapazia ya kitenge. Lifti ilikufa kabla hatujahamia. Upande wetu tulilala mimi, bibi na shangazi yangu msusi, na kila kitu kilinukia dawa ya nywele, hata mkate. Jumamosi asubuhi bibi alitwanga sombe, majani ya muhogo, na mama wa chini aligonga dari yake kwa mpini wa ufagio ili aache. Bibi alisikiliza kwa heshima mpaka amalize, kisha akaongeza mapigo mawili ya mchi. "Nimemwitikia," alisema.

Nikishaosha sufuria ndipo niliporuhusiwa kwenda kwenye fidla. Ukumbi ule ulikuwa baridi, sakafu yake ina harufu ya nta, na sisi watoto wa Kongo, wa Burundi, na wawili watatu wa hapa hapa, tulikaa nusu duara kwenye viti vya plastiki. Mwalimu alikuwa mrefu, mweupe wa nywele, na vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejipinda kama mizizi ya tangawizi. Akifunga nyuzi zetu alitusimulia kazi yake. Alianza fidla akiwa mtoto, baba yake mchoma mikate. Akakaa miaka kwenye viti vya nyuma vya okestra, akasogea hadi vya mbele, na vidole vilipoanza kukataa akachukua kijiti cha kuongozea. Alikuja huku na okestra ya kwao, akaoa, akabaki. Mke alishakufa tulipomjua.

Bibi hakuielewa kazi hiyo. Siku alipokuja kunichukua alisimama mlangoni, akatazama, na jioni akauliza mbele ya watu wote wa nyumba:

"Sasa ule muzungu anafanyaka kazi gani? Wenye kupiga ni watoto. Yeye anapunga tu kijiti."

Aliyejibu ni jirani yetu wa nyuma ya pazia, mtu wa Tanga, muuza makava ya simu, ambaye hakuwahi kukosa jibu. "Bibi, unawaona wale jamaa wanaopanga magari umeme ukikatika na robot, zile taa za barabarani, zikizima? Basi ndiye huyo. Akienda chooni tu, watoto wanagongana."

"Na wanamulipa kwa kupunga hewa?"

"Wazungu wanalipana, bibi. Hewa yao ni ya bei."

Tulicheka, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini mimi niliona haya kwamba hawamjui, na ndiyo maana nikamweleza bibi pembeni. Nilimwambia si hewa, ni kazi kweli. Mwalimu anatoka jasho linamwingia machoni, linadondoka kwenye karatasi za muziki, na hana mtu wa kumfuta, hata nyumbani hana mtu. Nilisema vile ili ampende. Bibi alisema tu, "Masikini," akaendelea kuchagua maharage. Neno langu likaingia mahali ambapo sikuliona tena.

Mwalimu alikuwa na utaratibu wake. Wimbo tuliokuwa tukijifunza, ukurasa wa mwisho alitufundisha vipande vipande, huku leo, kule kesho, lakini hakuturuhusu hata mara moja kuupiga mzima hadi mwisho. Tukiukaribia, kijiti kinashuka, na kijiti kikishuka pinde zote juu, kimya. "Mwisho ukichezewa kila siku unachakaa," alisema. "Tutafika pamoja siku ya watu." Mara moja alituambia kwamba ameongoza watu wengi wakubwa, lakini hajawahi kufika mwisho wa wimbo na watu aliowafundisha yeye mwenyewe hata kushika upinde. Alitaka kusikia hilo kabla masikio hayajamkataa kama vidole. Kila mtoto alijua. Tuliusubiri mwisho ule kama watu wanavyosubiri sikukuu.

Siku ya watu ilipofika ukumbi ulijaa. Kina mama walivaa vitenge vya harusi. Mchungaji alisimama akaeleza vizuri kabisa: watu wasipige makofi, wasipige vigelegele, wasiongee, mpaka mwalimu ageuke awatazame. Na kweli walitii. Hata watoto wachanga walipewa titi mapema. Tukapiga. Sijui niseme nini juu ya sauti ile. Mimi nilisikia tu fidla yangu na pumzi ya jirani yangu wa kiti. Tukaingia ukurasa wa mwisho. Mwalimu alikuwa anatoka jasho, shati limemganda mgongoni.

Sasa, kanisani kwetu mtu akihubiri au akiimba kwa nguvu, mama mmoja hutoka alipokaa, huenda mbele na kumfuta uso kwa kitambaa. Hakuna anayeshangaa. Ni kumwambia tunaona unavyojitoa. Mwenye kufutwa huendelea na kazi yake, na watu hutiwa moyo. Bibi yangu aliinuka. Alivua viatu kwanza, ili asipige kelele, akaviweka chini ya kiti, akaja kwa ncha za vidole katikati ya watu waliokaa kimya. Nilimwona kabla mwalimu hajamwona. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye fidla.

Akainua kitenge chake kipya, akampangusa paji la uso, kisha macho, taratibu, kama anavyomfuta mtoto aliyetoka kuoga.

"Pole na kazi, baba," alisema.

Kijiti kikashuka. Na sisi, kama tulivyofundishwa, tukainua pinde.

Mwalimu aligeuka kumwona aliyemgusa. Watu wakamwona amegeuka, na mchungaji alikuwa amesema mkimwona amegeuka. Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, makofi, mama wengine wakaja mbele wakicheza, mmoja akamfunga mwalimu kitenge kiunoni. Yeye alitutazama sisi, akawatazama wao, akafunga karatasi zake. Aliinama kuwashukuru. Mlangoni aliniuliza yule mama ni nani. Nikasema ni bibi yangu. "Ana mkono mwepesi," alisema, akanigusa bega, akaenda. Mpaka leo sijui uso ule ulikuwa wa nini.

Alisema tutamaliza wakati mwingine. Lakini binti yake alikuja kumchukua akatibiwe Ufaransa, fidla zikarudishwa zilikotoka, na wimbo ule hatukuumaliza. Wengine wamehamia Alexandra, wengine Cape Town, mmoja amerudi Bukavu. Tukikutana barabarani tunaongea Kiingereza na Kizulu, tunaulizana kazi, tunaachana. Ukurasa ule hakuna anayeujua mzima. Aliyejua alivyotaka uishe amezikwa. Na kila nikiwaza nani alimpeleka bibi pale mbele, naona ni mimi, na kila nikitafuta neno ambalo nisingelisema, silipati, kwa sababu yote yalikuwa kweli.

Bibi yupo. Amezeeka, na siku ile kwake ni heshima kubwa kuliko zote alizopata katika nchi hii. Huwasimulia wageni: mzungu aliyeongoza watu wakubwa wa Ulaya, mimi ndiye niliyemfuta jasho. Sijamwambia kwamba mwalimu amekufa. Nikimwambia, ataniuliza kama alifurahi siku ile, na bibi hajui kuuliza jambo mara moja akaliacha.

Ndiyo maana nakuomba wewe unayesoma, uniandikie, hata kwa Kiswahili cha kwenu, hata kwa mwandiko mbaya kama huu. Uniambie ungemjibu nini. Yeye amekaa dirishani anachambua sombe, ameniona na kalamu tangu asubuhi, na anadhani namwandikia mwalimu. Amesema nimsalimie.