Kuupa Mpira Mgongo

Siku ile siisahau, mwanangu, nami nakusimulia leo kwa kuwa kesho unavaa kizibao cha mlinzi wa uwanjani kwa mara ya kwanza, na nimekusikia ukijitapa mtaa mzima huu wa Joubert Park kwamba utaitazama ligi bure. Lo! Hata mimi nilijitapa hivyo hivyo.

Nilikuwa nimelala miezi minne sakafuni kwa binamu yangu, sina kazi, hata chai naiomba kwa aibu. Mzee Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa msimamizi wa walinzi, akanihurumia, akanipa zamu, tena siku ya watani wa jadi wa Soweto! Nikaona Mungu ananipenda kuliko wenzangu. Kufika, mzee akanisimamisha karibu na kibendera cha kona, akanigeuza niwatazame mashabiki, mpira nimeupa mgongo. "Dakika tisini, usigeuke," akasema.

Mwanangu, macho hayana pazia. Nilijikaza hadi karibu na mwisho. Mara uwanja ukalipuka, vuvuzela zikalia, na miguu ikageuka kabla sijaishauri. Goli la timu yangu! Nikarukaruka, nikarusha kofia, nikakibusu kile kibendera.

Kumbe nyuma yangu shabiki mmoja, mtu mzima mwenye kitambi chake, amekwisha kuruka uzio. Akanipita akinipungia mkono, akaenda kumkumbatia kipa. Walinzi sita walimkimbiza, na kitambi kile hakikumzuia hata kidogo.

Mzee Ilunga alinijia polepole, jambo lililonitisha zaidi.

"Wee, banakulipa juu ya kuangalia mpira ao bantu?"

Nikainamisha kichwa.

"Na ile goli, balikatala."

Goli limekataliwa: mfungaji alikuwa ameotea. Eish! Nilitamani ardhi inimeze. Kazi niliyoililia miezi minne, nimeichezea kwa goli lisilokuwepo!

Hakunifukuza, Mungu amrehemu. Alinipeleka kulinda mlango wa vyoo, na msimu mzima nikasikia magoli kupitia ukutani huku nikiwaonyesha watu pa kunawa.

Basi shika neno langu: mshika mawili moja humponyoka. Ulichopewa ukilinde ndicho cha kukitazama, hata kama raha yote iko nyuma yako. Matokeo utayasoma kwenye nyuso za watu, na nyuso hizo ndizo kazi yako. Nenda, mwanangu. Mungu akulinde nawe unapolinda, akupe zamu ya amani, na magoli yote uyaone jioni kwenye televisheni, ukiwa bado na kazi.