Alama za Mkono wa Muthoka

Zamani gitaa lilizeeka pamoja na mkono uliolipiga, na leo linazeeshwa kwa msasa na siki huku mwenyewe akingoja kupigiwa simu kwamba liko tayari.

Wathome wa Mumbuni hakuhitaji kuambiwa hayo na mtu. Yeye ndiye aliyeshika msasa.

Kazi yake kwa miaka mingi imekuwa kupaka rangi: vitanda, makabati, madawati ya kanisa, majeneza. Majeneza hasa, maana siku hizi hata marehemu lazima ang'ae. Karakana yake ni ya mabati, nyuma ya bucha la Salah, na ukipita pale utamsikia akikohoa kabla hujamwona. Lakini kabla ya rangi alikuwa mpiga gitaa katika bendi moja ya huko Kivaa. Hakuwa wa mbele. Alikuwa wa pili, yule anayeushikilia wimbo usianguke wakati wa mbele anarukaruka. Wa mbele alikuwa Muthoka.

Muthoka alinunua gitaa lake la umeme kwa pesa za pamba, wakati pamba ya Masinga ilikuwa bado inamvisha mkulima. Lilikuwa jekundu. Walikwenda nalo kila penye soko, wakapiga nyuma ya mabaa kwa betri ya lori, vumbi likipanda mpaka magotini, watu wakicheza hadi viatu vikaachwa uwanjani. Muthoka alilivaa juu kabisa, kifuani, karibu na kidevu, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Wageni walimcheka. Lakini nyimbo zake zilikaa kule chini, pale shingo inapokutana na tumbo la gitaa, mahali ambapo mtu anayeliachia lining'inie hawezi kufika bila kujivunja kiwiko.

"Gitaa si jembe," alikuwa akisema. "Mbona unalishika kama unapalilia?"

Miaka ikapita juu ya lile gitaa. Mkono wa Muthoka ukala rangi ya ukingo wa juu mpaka mbao ikatokeza, kavu na laini kama mpini wa zamani. Kidole gumba kikachimba mikwaruzo chini ya nyuzi. Na pembeni kulikuwa na kovu kama mwezi mchanga, la chupa iliyorushwa Kangonde na bwana mmoja ambaye mkewe alikataa kuacha kucheza. Muthoka hakukatiza wimbo. Aliugeuza upande mwili wake, gitaa likapokea chupa, wimbo ukaendelea. Wimbo wenyewe ulikuwa "Mbula", aliomtungia mkewe, na watu wa rika lile wanaukumbuka kuliko majina ya wajukuu wao.

Kisukari kilimmaliza. Kati ya wale waliomchezea vumbi, waliofika kumzika walikaa kwenye hema moja na viti vikabaki.

Baadaye mjane wake, Mbula mwenyewe, akaokoka, akahamia Mumbuni. Siku moja akamletea Wathome lile gitaa, limefungwa kwa leso. Kanisani walikuwa wanahitaji gitaa, lakini mchungaji alisema hili limekunywa pombe nyingi mno. Likitaka kuingia nyumbani mwa Bwana livishwe nguo mpya.

"Shemeji, ipake nyeupe," alisema Mbula. "Nyeupe kabisa."

"Mbula, hizi alama ni za Muthoka."

"Muthoka yuko na Mungu. Alama za baa atazifanyia nini huko?"

Gitaa lilikuwa la mjane, si lake. Akachukua msasa. Vumbi lililotoka lilikuwa jekundu kwanza, kisha la kahawia, jasho la miaka yote lililoingia kwenye mbao. Akalipuliza kwa pampu likaenda zake mlangoni. Kovu la chupa akaliziba kwa puti. Akapaka nyeupe, likang'aa kama jeneza la mtoto. Haukupita muda kanisa likanunua kinanda ambacho kinajipigia ngoma chenyewe, na gitaa jeupe likawekwa stoo pamoja na vyombo vya maua. Basi hivyo.

Ndipo akaja Rodgers.

Alishuka kwenye gari na begi mgongoni, kijana wa Syokimau mwenye kofia ya wazee, zile kofia ambazo wazee wenyewe waliziacha.

"Sasa, mzee."

"Sasa ni yenu. Mimi nimebaki na zamani."

Rodgers akacheka, akafungua begi. Ndani mlikuwa na gitaa jipya, halijawahi hata kutokwa jasho.

"Nataka uizeeshe."

"Imekukosea nini?"

"Buda, skiza. Tunapiga nyimbo za zamani za Kikamba pale hoteli, Mombasa Road, karibu na Konza. Watu wanaonunua ploti huko wanakuja na familia. Sasa nikipanda na hii inang'aa kama sufuria ya harusi, wananiona mtoto. Nataka ikae ni kama imepigwa miaka arobaini."

"Na si uipige hiyo miaka arobaini?"

"Nitakuwa nimekufa, mzee!" Akacheka tena. Alikuwa na cheko rahisi. "Tunapiga hata ile ya Muthoka. 'Mbula'."

Wathome akaweka chini bunduki ya rangi. Tangu apulize lile vumbi mlangoni, hakuwa amelisahau. Sasa aliliangalia gitaa lile tupu na akajua atakachofanya. Alama alizozifuta kwa mkono wake bado alizijua kwa mkono huohuo. Angezirudisha duniani. Na tena, huyu kijana akilishika gitaa kama alama zinavyomwongoza, hatakuwa na budi kupiga kama Muthoka; kiwiko kitafuata njia, vidole vitafuata kiwiko. Mtu mmoja tu duniani akiweza, ingetosha.

"Nitafanya," alisema. "Lakini utaishika vile alama zinasema. Juu, kifuani."

"Hakuna shida, mzee."

Mtu anayesema hakuna shida kabla hajaambiwa shida yenyewe, huyo hajasikia. Lakini Wathome alikuwa na hamu, na hamu hutia nta masikioni.

Alibambua ile rangi ya kiwandani, ngumu kama ganda la plastiki, akapaka nyekundu ya magari ya kale, ile inayokauka upesi na kupasuka ikionewa. Ilipokauka akalibeba gitaa hadi kwa Salah na kumwomba alilaze ndani ya friza.

"Wallahi, Wathome," alisema Salah, akisogeza miguu ya mbuzi, "hii nyama gani haina hata mafuta?"

"Ni ya kuzeesha."

"Mtu anazeesha kitu? Mimi nimezeeka bure, hakuna aliyenilipa."

Lilipoganda akalitoa na kulianika juani ghafla. Rangi ikalia, ti, ti, ti, ikapasukapasuka kama matope ya mto uliokauka. Skrubu akaziloweka kwenye siki na chumvi zikapata kutu. Plastiki nyeupe akaichemsha ndani ya chai ya rangi ikawa manjano kama meno ya mvutaji. Mpaka hapo ilikuwa ni ufundi tu, na mtu yeyote mwenye subira angeuweza.

Mkono ulikuwa jambo jingine. Alilivaa gitaa juu kifuani, akaulaza mkono wake kama Muthoka alivyoulaza, akapitisha chaki mahali ulipogusa. Si hapo. Muthoka alikuwa mfupi kuliko yeye, na mnene wa mkono. Akakunja magoti kidogo. Akafuta, akachora tena. Alipoipata ile njia alisugua kwa msasa mpaka mbao, kisha akatupa msasa na kusugua kwa mkono wake mtupu, kwa jasho lake, mpaka pakawa laini. Mikwaruzo ya gumba akaichimba kwa msumari. Kwa kovu alitafuta chupa ya kioo, akagonga mara moja, kwa hasira kidogo, kama inavyotakiwa.

"Wathome, unaimba?" Salah aliuliza kutoka mlango wa nyuma wa bucha. "Nani amekufa?"

"Kwani mimi huimba mtu akifa?"

"Hapana. Mtu akifa unapiga rangi. Kuimba sijawahi kusikia."

Wathome aliendelea kusugua. Alikuwa akiimba "Mbula", sehemu yake ile ya pili, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane.

Rodgers alipofika alipiga mayowe ya furaha. Akalipiga picha gitaa mbele na nyuma, akatia mkanda begani, likashuka hadi mapajani. Kisha akatazama chini, akakunja uso.

"Mzee, hapa umechubua mahali si pake. Mkono wangu haufiki."

"Inua gitaa."

"Nikiinua nitakaa kama mwalimu wa Sunday school."

"Uliniambia nini siku ile?"

Wathome mwenyewe akamkazia mkanda, akalipandisha gitaa mpaka kifuani, akauchukua mkono wa kijana na kuulaza pale kwenye mbao iliyotokeza. Ulikaa. "Sasa anza 'Mbula'."

Rodgers akagusa nyuzi bila umeme. Mlio ulikuwa mdogo kama wa nzi ndani ya kopo. Lakini kiwiko kilikuwa kimefuata njia, na kwa ule mwanzo wa wimbo, kipande kifupi tu kabla vidole havijapotea, alikuwa Muthoka. Wathome aliegemea jeneza lililokuwa likikauka, rangi ikamshika kiganja chote, asijali.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Rodgers alisema, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Kisha akatazama picha yake kwenye simu. "Lakini mzee, watu hawaji kusikia mkono. Wanakuja kuona."

Hata hivyo aliondoka mkanda ukiwa umekazwa vilevile. Wathome aliona hilo kwa macho yake, akaliamini, kwa sababu alitaka kuliamini.

Akamwendea Mbula. Alimkuta akichambua maharagwe nje.

"Mbula, zile alama zipo. Kuna kijana anapiga wimbo wako nazo."

Mjane hakuinua kichwa. "Alama gani?"

"Zote."

Alichambua mpaka ungo ukaisha ndipo akasema, "Jumapili, baada ya ibada. Usimwambie mchungaji."

Ile hoteli ilikuwa na nyasi za plastiki, na watoto walirukaruka juu ya kasri la hewa. Mbula alikaa na kitambaa chake cha kanisa kichwani, akaagiza soda isiyo baridi, akaishika kwa mikono yote miwili. Pale jukwaani Rodgers alikuwa tayari, na kofia yake, na wenzake wawili. Mkanda ulikuwa umelegezwa. Gitaa lilining'inia mapajani, na chini ya ule mchubuko wa kwanza mtu mwingine alikuwa amekwangua mchubuko wa pili, mpana, wa haraka, pale mkono wa Rodgers ulipoangukia. Palionekana kama pameliwa na mbuzi.

Wathome akajisemea: acha tu, asikie kwanza.

Wimbo ukaanza, na ulikuwa sawa. Ulikuwa sawa mno. Mbula akaweka soda mezani. Ule haukuwa mkono wa kijana wa Syokimau. Ulikuwa wa Muthoka mwenyewe, kutoka sahani ya santuri ya bendi yao, ukitokea kwenye kompyuta iliyowekwa kando ya spika. Na chini yake, mbali, Wathome akajisikia yeye pia, akishikilia wimbo usianguke. Rodgers alikuwa akichezesha vidole. Waya wa gitaa ulitoka kwenye gitaa, ukamzunguka kiunoni, na ncha yake ilikuwa imetiwa ndani ya mfuko wa nyuma wa suruali.

Mbula alitazama, kwa utulivu wa mtu anayetazama mwili kabla haujafunikwa.

"Hilo kovu la pembeni," alisema, "si ni ile chupa ya Kangonde?"

"Ni hiyo."

"Kwa hivyo uliitoa kwa gitaa yangu ukampa huyu."

"Mbula, wewe ndiye uliniambia nitoe."

"Nilikuambia utoe baa, shemeji. Sikukuambia utoe yeye."

Akainuka. Hakungoja jina lake limalizwe kuimbwa. Alipita kati ya meza, mkoba ukiwa umebanwa kwapani, akaenda hadi langoni na kusimama akitazama barabara, mgongo kwao wote.

Wathome alichelewa kidogo kumfuata, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu alitaka kutazama. Wimbo ulikuwa umekwisha. Rodgers alimwona kwa mbali, akampungia mkono kwa furaha ya kweli, kisha akaliegemeza gitaa kwenye kiti mbele ya jukwaa ili watu wapige nalo picha. Wakapanga foleni. Bwana mmoja mwenye kitambi akalipakata, mkewe akamwonyesha mahali pa kuweka mkono, pale juu palipochubuka, naye akauweka, akacheka kwenye simu. Akafuata binti yao. Akafuata mwingine, mkono ukiwa bado na mafuta ya nyama.

Hiyo ndiyo mara ya mwisho Wathome kuziona zile alama.