Fyuzi Niliyompa Mama Feza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomdanganya mama mmoja bila kutamka neno la uongo. Uongo wenyewe nilimwekea mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi umeme wa magari katika karakana ya mzee wangu wa kazi, Papa Asumani, hapa Kabondo. Shule niliiacha mapema. Karibu yote ninayoyajua niliyapata kwake. Tulimzika wiki tatu zilizopita. Sitasema mengi juu ya hilo. Nikifika kazini asubuhi, kiti chake nakiacha pale kilipo.

Karakana yetu ilikuwa na desturi moja. Ukimaliza kutengeneza, sharti umpe mwenye gari kile kilichokuwa kibovu: waya ulioungua, nati iliyoshika kutu, chochote kile, tena umpe mkononi. Papa alitaka mtu auone ugonjwa wa gari lake kabla ya kwenda nyumbani.

Basi akaja Mama Feza, muuguzi, mtu wa Maniema, na gari-nyumba lake. Lilikuwa gari kubwa la zamani, ndani lina kitanda, jiko, taa na friji. Wasafiri wa mbali walikuwa wameliacha mjini, na sasa yeye alilitumia kupeleka chanjo vijijini, akilala humo humo. Kesho yake alitakiwa kuvuka daraja la Tshopo na kuelekea Banalia kwa siku nne, na akina mama wa huko walikuwa wameshaambiwa walete watoto. Lakini umeme wa ndani ulikuwa unakatika ghafla, unarudi, unakatika tena. Friji ikizimika njiani muda mrefu, chanjo zinaharibika, na watoto wanabaki hivyo hivyo.

Papa alikuwa amekwenda Simi-Simi kwa kazi nyingine. Kazi hii nikaishika mwenyewe. Nikapima batri ya umeme wa ndani, nzima. Nikachomoa fyuzi moja moja, zote nzima. Nikapiga goti kwenye ngazi ya mlango ili nirudishe kifuniko cha sanduku la fyuzi, na taa zikawaka. Zenyewe. Nikangoja kidogo, hazikuzimika.

"Umepata?" Mama Feza akauliza.

Sikuwa nimepata kitu. Lakini alikuwa ameshanyoosha mkono, maana desturi yetu aliijua. Nikaingiza vidole kwenye mkebe wa vitu vibovu vya zamani, nikatoa fyuzi iliyoungua, nikampa.

"Kumbe kadogo hivi," akasema akicheka, "na kamenisumbua wiki mbili. Mungu akubariki, mutoto wangu."

Nikuambie ukweli: sikujuta. Nilifurahi.

Alasiri Papa akarudi. Mama Feza alikuwa bado uani akipanga masanduku yake, akamwonyesha ile fyuzi. Mzee akaigeuzageuza, akamrudishia, kisha akaniita kando.

"Ile ni ya pikipiki," akasema polepole. "Katika gari hii haina hata nafasi. Donc, ulikuta nini?"

"Umeme ulirudi wenyewe, Papa."

"Na ukienda wenyewe kule njiani, huyu mama atauliza nani? Atauliza fyuzi?"

Nikageuka kuutazama mkebe wa vitu vibovu.

"Miye sitamwambia. Enda wewe."

Zilikuwa hatua kama ishirini kufika kwenye lile gari, nazo zilikuwa ndefu. Nikamweleza yote. Mama Feza akaitoa ile fyuzi, akaitazama.

"Ulikuwa umenipa amani, sasa umeichukua," akasema. "Bon. Afadhali leo hapa kuliko kesho Banalia. Panda, tutafute."

Papa akatuonyesha njia. Kwanza akauliza ni vitu gani vinazimika pamoja. Taa, friji, pampu ya maji, vyote mara moja, akajibu Mama Feza. Basi ubovu hauko ndani ya kimoja, akasema Papa, uko pale umeme wa vyote unapopitia. Tena ubovu wa kuja na kwenda hauonekani gari likiwa limetulia, lazima litikiswe. Mama Feza akaendesha kwenye mashimo ya Kabondo, Papa kando yake, mimi nimelala sakafuni nyuma na taa ya kupimia. Nilipoiunga kwenye batri pande zote mbili, vitu vya ndani vilizimika lakini taa yangu ikaendelea kuwaka. Batri haikuwa na kosa. Nikautoa waya wa taa yangu kwenye upande wa hasi wa batri, nikaugusisha kwenye chuma cha gari. Shimo lililofuata, taa yangu ikazimika pamoja na vingine vyote.

"Masi," akasema Papa bila kugeuka. Ndivyo tunavyouita waya unaounganisha batri na mwili wa gari.

Ulikuwa umefungwa chini ya ngazi ya mlango, pale pale nilipopiga goti asubuhi. Mtu alikuwa amepaka chuma rangi, kisha akafunga waya juu ya rangi, na kutu ikaingia katikati. Goti langu liliubana, umeme ukarudi, nami nikapokea shukrani. Tukakwangua mpaka chuma kikang'aa, tukakaza, tukarudi kwenye mashimo mara tatu. Friji haikuzimika.

Nikampa washa ya ule waya, kile kipete cha chuma cha chini ya nati, kimeliwa na kutu. Akaipokea, akanirudishia fyuzi.

"Hii yako. Siku ukitaka tena kudanganya mutu, uiangalie kwanza."

Alirudi baada ya siku sita badala ya nne, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Hakuna chanjo hata moja iliyomwagwa.

Fyuzi ninayo hadi leo. Mwanangu, kilichorudi chenyewe hujakitengeneza. Sisemi umeme peke yake; hata nyumba iliyotulia baada ya ugomvi bila mtu kukiri kosa, hiyo bado haijatengenezwa. Usipokee shukrani zake. Sema, "Sijui kwa nini imerudi," kisha uende kwenye mashimo ukatafute. Na kama umeshadanganya, rudi ukaseme kabla gari halijavuka daraja. Mimi niliwahi kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuniuliza.

Mungu akupe nawe mtu wa kukuuliza ulikuta nini, na amweke miaka mingi. Na akupe miguu ya kuzitembea zile hatua ishirini.