Vumbi la Mirihi na Macho ya Sebahire

Sebahire wa Mushaki alikuwa na macho, jamani! Ng'ombe akipanda kilima cha ng'ambo, yeye alikutajia ni wa nani. Ndiyo maana Padri Hubert alimfanya karani wa hali ya hewa pale misheni: asubuhi na adhuhuri asome kipimajoto, na jioni, mwaka ule wa 1956 sayari ya Mirihi ilipokuja karibu, aichungulie kwa darubini na kuichora. Karani wa kwanza, Faustin, alikuwa amechora juu ya Mirihi wingu jeupe ambalo Padri hakuliona. Akaambiwa macho yake yameharibika, akarudishwa shambani.

Mwezi wa nane Sebahire alichora vizuri: duara jekundu, mabaka meusi. Kumbe jioni moja ya mwezi wa tisa akachungulia, hakuna baka hata moja. Akafuta kioo, akafikicha macho. Duara tupu, la manjano. Aliogopa sana.

"Chora tu kama ya jana," mkewe Constance akamwambia. "Nani atapanda kule kuangalia?"

Alitamani, sikufichi. Lakini akakumbuka majivu ya volkano. Yakitanda, mlima Nyiragongo hupotea kabisa, wala hakuna mtu wa Mushaki anayesema mlima umehama. Na daftari lake lilisema: siku za majivu, adhuhuri ilikuwa ya baridi. Asubuhi akapeleka duara tupu.

"Kule iko vumbi, Padri. Upepo umeiinua, imefunika inchi yote ya Mirihi. Inakamata joto ya jua kule juu, chini njo kunabakia baridi."

"Mimi niliona mabaka yote!" Padri akang'aka, akimwonyesha mchoro aliouchora yeye mwenyewe jioni ileile. "Macho yako nayo yamekwisha." Akamnyang'anya penseli.

Wiki sita Sebahire alilima maharage kwa uchungu, hana hamu hata ya kutazama juu. Ndipo barua ikaja kutoka kwa rafiki wa Padri aliyeko Ulaya: vumbi lilikuwa limefunika Mirihi nzima, mabaka hayakuonekana. Padri akateremka mwenyewe hadi shambani, kanzu imejaa matope.

"Nilichora nilichozoea kuona," akasema. "Unisamehe. Huko Ulaya wanataka mchoro wa jioni ile, na wa kweli ni wako." Akamrudishia penseli.

Sebahire aliipokea kwa furaha, akaigeuza mkononi.

"Aksanti, Padri. Na ile wingu ya Faustin?"

Padri akageuka, akatazama bondeni. Shamba la Faustin lilikuwa pale chini, naye mwenyewe alikuwa ameinama akipalilia.